Nimepewa barua ya onyo kwa kukataa kuonja mchuzi wa nyama: je, sheria ya kazi inanilinda?

Mtunza Stoo (Mafinga)

Kamwene, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wale wanaoifahamu sheria ya kazi, na hata wa wasioifahamu ambao wamewahi kukaa katika hali kama yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mtunza stoo ya chakula katika shule moja ya bweni ya binafsi huku Mufindi, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kabla sijaajiriwa hapa nilikuwa nimekwisha acha kula nyama, samaki, mayai, maziwa na chochote kitokacho kwa mnyama. Siku hizi watu wa namna hii wanaitwa wavegani. Sikuacha kwa ugonjwa wala kwa agizo la kanisa. Ni Mlutheri wa ubatizo na kipaimara, na usharikani kwetu siku ya mavuno watu huchinja na kula kwa shangwe. Niliacha kwa sababu kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari la ndama. Ndama jike aliandikwa jina. Ndama dume aliandikwa tarehe ya kuzaliwa na, siku chache baadaye, bei. Usiku mama zao walilia bandani mpaka sauti zikawakauka, nami chumba changu kilikuwa ng'ambo ya uzio tu. Nilikaa pale miezi kumi na minne. Tangu hapo hata viatu vya ngozi sivai, na baridi ya mwezi wa saba inapoingia, mimi na raba zangu za kitambaa tunakuwa kichekesho cha soko zima.

Miaka miwili ya mwanzo shuleni hapakuwa na tatizo, kwa kuwa mpishi mkuu alinitengea bakuli la maharage kabla hayajaungwa. Januari alikuja meneja mpya wa huduma, akaagiza kwamba mafuta yaliyokaangiwa nyama yasimwagwe bali yaungie maharage ya wafanyakazi, ili kubana matumizi, na kwamba hakuna kumtengea mtu chakula. Ukifunua sufuria unaona utando mweupe umeganda juu ya maharage. Kwa baridi ya Mafinga hata dakika kumi hazipiti. Nikaanza kubeba chakula changu kutoka nyumbani, viazi na mnafu, lakini shilingi 30,000 za chakula cha mchana zinaendelea kukatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi.

Februari akaongeza kwamba mtunza stoo ndiye atakayeonja supu na mchuzi wa wanafunzi kabla ya kupakuliwa. Nilikataa kwa adabu, nikapendekeza aonje mpishi mkuu au mwalimu wa zamu. Nyama naipokea, naipima, naiandika na kuitoa stoo bila kinyongo, maana hiyo ndiyo kazi niliyoomba. Tarehe 9 Machi nilikabidhiwa barua ya onyo la maandishi kwa "kukaidi agizo halali". Hayo ni mbali na jina la Mbuzi ambalo sasa wananiita hata mbele ya wanafunzi, na siku ya tafrija ya wafanyakazi ambapo kipande cha nyama kilifichwa ndani ya tonge langu la ugali, nami nikakigundua kikiwa tayari mdomoni, watu wakapiga makofi.

Maswali yangu ni haya. Je, huku ni kubaguliwa kwa maana ya sheria, au ni karaha tu za kazini? Nimesikia kwamba Uingereza kuna mvegani aliyeshinda kesi. Je, hukumu hiyo inaweza kunisaidia? Tena mwenzangu mmoja ananishauri niandike kwamba mimi ni Msabato, kwa kuwa dini ndiyo inayoheshimiwa. Nifanyeje?

Mzee wa Kihesa

Binti yangu, pole kwa yaliyokupata. Habari ya kumfichia mtu nyama ndani ya tonge ni utoto, na aliyeifanya angekuwa chini yangu enzi zangu za utumishi ningemwita ofisini siku hiyo hiyo. Hata hivyo nitakueleza upande wa pili, maana humu wengi watakupa pole peke yake.

Mwajiri anapika kwa watu mia kadhaa. Leo wewe hutaki mafuta ya nyama, kesho mwingine atasema hali chakula kilichopikwa na mwanamke aliye katika siku zake, keshokutwa wa tatu atasema hagusi mahindi yaliyowekwa mbolea ya dukani, na kila mmoja atasema ni dhamiri yake. Mpaka wa mambo haya uko wapi? Dini angalau ina msahafu, ina viongozi na ina siku zinazojulikana, kwa hiyo mwajiri anajua anashughulika na kitu gani. Sisi tuliokulia Kalenga tulikula nyama Krismasi na Pasaka, siku zilizobaki ni ugali, mboga za majani na uyoga wa masika, wala hatukujiita jina lolote. Ndiyo maana, nisamehe, mtu aliyepata uwezo wa kula nyama akaikataa halafu akadai haki, kwangu bado anaonekana kama mtu aliyeshiba.

Ila hilo la kukatwa 30,000 kwa chakula usichokila, hapo nakuunga mkono bila masharti.

Mnyalukolo wa Sheria

Dada Mtunza Stoo, kamwene. Mimi ni wakili, nafanya kazi Iringa mjini. Nitaanza na hiyo kesi ya Uingereza, kwa sababu watu wengi wameisikia nusu, na nusu waliyoisikia inawapa tumaini la bure.

Mlalamikaji alikuwa Jordi Casamitjana, mtumishi wa shirika la kutetea wanyama liitwalo League Against Cruel Sports. Aligundua kwamba fedha za pensheni za wafanyakazi zilikuwa zimewekezwa katika kampuni zinazofanya majaribio kwa wanyama, akawaeleza wenzake, na mwaka 2018 akafukuzwa kazi. Mwajiri alisema amefukuzwa kwa kukiuka maagizo, yeye akasema ni kwa sababu ya imani yake. Januari 2020 baraza la ajira lililoketi Norwich liliamua kwamba uvegani wa kimaadili, yaani ule unaotawala maisha yote ya mtu na si sahani yake peke yake, ni imani ya kifalsafa inayolindwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Mtu huyu alikuwa amefika mahali ambapo safari fupi alikuwa akiikamilisha kwa miguu badala ya kupanda basi, asije akawa ndani ya gari linaloua wadudu na ndege njiani. Hata hivyo baraza lile ni la ngazi ya chini, uamuzi wake haulifungi baraza jingine hata kwao, na swali la kama alifukuzwa kwa sababu ya imani hiyo halikufikia hukumu, kwa kuwa pande mbili zilimalizana baadaye kwa makubaliano.

Tena miezi michache kabla yake, mwaka 2019, baraza hilo hilo la Norwich lilimkatalia mhudumu mmoja aliyekuwa hali nyama lakini si mvegani, naye alikuwa akilalamika, kama wewe, kwamba wenzake walimdhihaki. Jaji alisema watu huacha nyama kwa sababu nyingi mno, huyu kwa afya, yule kwa ladha, mwingine kwa kuwahurumia wanyama, kwa hiyo hakuna imani moja iliyoshikamana inayoweza kulindwa. Kipimo wanachotumia kilitokana na kesi ya mwaka 2009 ya mtu aliyedai imani yake kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Imani iwe ya kweli moyoni, iwe zaidi ya maoni ya leo yanayobadilika kesho, ihusu jambo zito la maisha ya mwanadamu, iwe na mantiki na uzito, na istahili heshima katika jamii ya kidemokrasia bila kuvunja haki za wengine. Mzee wa Kihesa ameuliza mpaka uko wapi. Wenzetu wameuweka hapo, na mbolea ya dukani nadhani isingepita.

Upande wa Marekani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2002 mahakama ya rufani ya California ilimkatalia mvegani aliyenyimwa kazi baada ya kukataa chanjo ya matubwitubwi iliyokuzwa katika viinitete vya kuku. Ilisema imani yake ilikuwa ya dhati, lakini sheria ya jimbo lile ililinda imani ya dini, na uvegani wake ni maadili yasiyofika kuwa dini. Kumbuka hukumu hiyo, kwa sababu sheria yetu inafanana zaidi na ya California kuliko ya Uingereza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi iliyotajwa kwa majina: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alipotoka, asili ya kijamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na hali ya maisha. Unyanyasaji kazini nao unahesabiwa kuwa ubaguzi, ila ni pale tu unapotokana na mojawapo ya misingi hiyo. Neno dhamiri halimo, wala imani isiyo ya dini. Linganisha na majirani zetu wa Kenya, ambao Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 27, inataja dini, dhamiri na imani kila moja kwa jina lake, na ibara ya 32 inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani au dini yake. Ungekuwa Mkenya, barua yako ningeiandika kwa namna nyingine kabisa.

Katiba yetu ya mwaka 1977 ina mlango mwembamba. Ibara ya 19 inazungumza juu ya uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Isome tena polepole. Maneno "katika mambo ya dini" yanafunga vyote vitatu, au yanafunga uchaguzi peke yake na kuyaacha mawazo na imani vikiwa huru? Wakili mzuri anaweza kusimama mahakamani asubuhi nzima juu ya mkato mmoja ule. Angeongeza kwamba Tanzania iliingia mwaka 1976 katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 18 inalinda mawazo, dhamiri na dini, na kwamba Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1993 kuwa ulinzi huo unawahusu hata wasioamini Mungu. Angeweza pia kujenga hoja juu ya maneno "hali yao ya maisha" katika ibara ya 13, ingawa mimi naona hapo anakamua jiwe. Mlango huo upo, lakini ni mlango wa Mahakama Kuu, unahitaji fedha na miaka, na sikushauri uuingie kwa sababu ya sufuria ya maharage.

Sasa sikiliza sehemu isiyo na mbwembwe, ambayo ndiyo silaha yako. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale sheria, amri ya mishahara, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, au amri ya mahakama au ya usuluhishi inaporuhusu, au mfanyakazi mwenyewe anapokubali kwa maandishi kukatwa deni. Tafuta mkataba wako, uangalie kama kuna mahali ulipotia saini juu ya hizo 30,000. Kama hakuna, mwajiri ndiye mwenye kazi ya kueleza, na huhitaji kumthibitishia kwamba una imani ya aina gani.

Kuhusu kuonja, agizo linalompa mwajiri haki ya kumwadhibu mtu kwa ukaidi sharti liwe halali na liwe la busara. Je, kuonja mchuzi kumo katika maelezo ya kazi ya mtunza stoo? Mwajiri anaruhusiwa kutofautisha watu kwa sifa ambayo ni ya msingi kwa kazi yenyewe, na mpishi wa hoteli anayekataa kuonja anachopika angekuwa na hali ngumu mbele ya msuluhishi. Mtunza stoo si mpishi. Uliposema aonje mwalimu wa zamu ulifanya jambo la maana, kwa sababu ulionyesha kwamba kazi ingefanyika bila hasara. Hilo liweke kwenye maandishi na tarehe yake.

Barua hiyo usiipuuze. Maonyo ndiyo ngazi ya kupandia kuelekea kukufukuza. Chini ya Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, kabla ya kufukuzwa unapaswa kupewa tuhuma kwa lugha unayoielewa na muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na unaruhusiwa kuingia kwenye kikao ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Ukiachishwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa. Kwa kuwa umepita miezi sita kazini, ulinzi huo ni wako. Mgogoro wa kuachishwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Hesabu siku zako kuanzia tarehe 9 Machi, usingoje watu waache kukucheka.

Msabato wa Uyole

Dada yangu, naomba nilijibu lile la tatu, kwa kuwa limetutaja.

Usiandike kwamba wewe ni Msabato. Kanisa letu linafundisha kuacha vyakula vilivyotajwa kuwa najisi katika Mambo ya Walawi sura ya 11, na linahimiza ulaji wa mimea kwa ajili ya afya, lakini halimwamuru muumini kuacha nyama zote, na hapa Mbeya utawakuta Wasabato wengi wanaokula kuku na ng'ombe bila kuona haya. Siku mwajiri wako atakapomwita mchungaji wetu kuwa shahidi, mchungaji atasema kweli, na uongo wako utageuka kuwa kosa la nidhamu kubwa kuliko lile la kukataa mchuzi. Tena ungekuwa umeitupa ile hadithi ya daftari la ndama, ambayo kwa maoni yangu ina nguvu kuliko aya yoyote utakayoazima kwetu.

Nimefanya kazi katika ofisi moja hapa Mbeya ambako tulikuwa Wasabato wawili, Mhindi mmoja asiyekula hata yai, na Waislamu kadhaa. Siku za kitimoto palikuwa na ugomvi usiokwisha, mpaka mhudumu wa jikoni alipojinunulia upawa wa pili na kuufunga uzi mwekundu kwenye mpini. Upawa wa uzi mwekundu haukugusa nyama. Hapakuwa na kikao wala waraka. Niliondoka pale miaka minane baadaye, uzi ulikuwa umebadilishwa mara nyingi, upawa ni ule ule.

Jambo lililonisumbua katika maelezo yako ni kwamba yule Mhindi hakuitwa Mbuzi hata siku moja. Kila mtu alisema, "Hiyo ni dini yao," mambo yakaishia hapo. Wewe unafanya jambo lile lile kwa kufikiri mwenyewe, unaadhibiwa. Sijui wanasheria wanaliitaje hilo.

Mama Lishe wa Soweto

Mimi napika hapa Soweto, Mbeya, mwaka wa kumi na saba huu, na nimewahi kupika shuleni kwa miaka minne, kwa hiyo nizungumzie sufuria, sheria niwaachie wenyewe.

Kusema kwamba kumtengea mtu mmoja maharage ni gharama, hiyo si kweli. Maharage ya shule yanachemshwa katika sufuria kubwa kuanzia alfajiri, na kuyaunga ni kazi ya mwisho kabisa. Unachota vikombe viwili kabla ya kuunga, unatia chumvi na kitunguu, basi. Ukitaka kumpendeza mtu unakoroga karanga za kusaga, na niamini, wateja wangu wanaokula nyama nao huja kuuliza maharage ya karanga yapo. Makande ya huku kwetu yenyewe hayahitaji mnyama, ndizi za Tukuyu ukizipika na parachichi bivu pembeni hazihitaji mnyama, na mtu wa Rungwe aliyekula hivyo hajioni amefunga.

Mafuta ya kukaangia nyama kurudishwa kwenye maharage, nayo ni tabia nisiyoipenda kwa sababu nyingine. Mafuta yaliyoungua yanaleta kiungulia, na watoto wa bweni wanalala na hicho kiungulia. Mtunza Stoo angeweza kulisema hilo, na lingewahusu wote.

Kuhusu kuonja, jikoni anayeonja ni aliyepika, kwa kuwa yeye ndiye anayejua aliweka nini na anaweza kurekebisha. Mtu wa stoo akionja akasema chumvi imezidi, atafanya nini? Mimi naona meneja alitafuta agizo ambalo alijua dada huyu hataliweza.

Mzee wa Kihesa

Hilo la mwisho la Mama Lishe limenigusa mahali. Katika utumishi wangu nilimwona mkuu mmoja wa idara akimpangia kijana Mwislamu kusimamia ununuzi wa nguruwe wa sherehe, hali kulikuwa na watu sita wengine wasio na neno. Wote tulijua kwa nini amepangwa yeye. Hatukusema.

Bado naamini kwamba mwajiri hawezi kupika vyungu arobaini. Lakini naomba wakili anijibu: mtu akionyesha kwamba agizo lilitungwa ili kumnasa yeye, sheria inalitazamaje?

Mnyalukolo wa Sheria

Shikamoo, Mzee. Inalitazama vizuri. Busara ya agizo haipimwi kwa maneno yake peke yake, bali kwa mazingira yake: lilianza lini, kabla yake nani alikuwa akifanya kazi hiyo, na kwa nini likahamishwa. Kama kwa miaka miwili mchuzi ulionjwa na mpishi, ukahamishiwa kwa mtu wa stoo mwezi mmoja baada ya yeye kuacha kula chakula cha shule, msuluhishi ana macho. Ndiyo maana nimesisitiza tarehe.

Kuhusu vyungu arobaini, mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu iliwahi kuulizwa jambo la karibu na hilo. Mfungwa mmoja wa Poland, wa dini ya Kibudha, aliomba chakula kisicho na nyama, gereza likasema jiko halitaweza. Mwaka 2010 mahakama ilisema haikuona jinsi chakula hicho, ambacho hakikuhitaji upishi maalumu, kingevuruga uendeshaji wa gereza au kushusha ubora wa chakula cha wengine, ikampa ushindi. Hukumu hiyo haitufungi sisi, na mfungwa yule alikuwa na dini. Naitaja kwa sababu majaji walikwenda kwenye sufuria, kama Mama Lishe, badala ya kubaki kwenye nadharia.

Dada, andika barua fupi kwa mkuu wa shule, nakala ubaki nayo yenye mhuri wa kupokelewa. Neno ubaguzi usilitumie katika barua hii ya kwanza, kwa kuwa litamfanya mwajiri akimbilie kwa wakili kabla hajasoma aya ya pili. Eleza kwamba kwa dhamiri yako huli chakula kitokacho kwa mnyama na umekuwa hivyo tangu kabla ya kuajiriwa. Kwamba kazi zote za stoo unazifanya, za nyama zikiwemo. Kwamba kuonja hakumo katika maelezo ya kazi yako na ulipendekeza njia mbadala tarehe fulani. Kwamba unaomba onyo lipitiwe upya, makato ya chakula yasimamishwe na yaliyokatwa tangu Januari yarudishwe. Mambo ya jina la Mbuzi na ya tafrija yaandike katika aya yake, bila kumtaja mwanafunzi yeyote, na useme ni nani wengine walikuwapo. Wape siku 14 za kujibu.

Mtunza Stoo (Mafinga)

Nimerudi, na samahani kwa kukaa kimya muda mrefu. Nilisubiri niwe na la kusema.

Niliandika barua kama nilivyoelekezwa, kurasa mbili za mkono, na nikaacha habari za Usabato. Mkuu wa shule aliniita siku ya tisa. Aliniuliza maswali mengi juu ya lile shamba la ng'ombe kuliko juu ya barua yenyewe, na nikagundua kwamba yeye pia amelelewa katika nyumba yenye zizi. Makato yamesimamishwa kuanzia mwezi huu. Ya nyuma wamesema yatarudishwa "mwaka wa fedha utakaporuhusu", maneno ambayo Mnyalukolo ataniambia yana uzito gani. Kuonja kumerudishwa kwa mpishi mkuu, ambaye alishangaa kusikia kwamba kuliwahi kuondolewa rasmi, kwa maana alikuwa anaonja siku zote.

Ile hoja ya kiungulia niliitumia pia, Mama Lishe, asante. Mafuta ya nyama sasa hayaingii kwenye maharage ya mtu yeyote, na kuna walimu wawili walionifuata pembeni kunishukuru, mmoja wao ni yule aliyeongoza makofi siku ya tafrija.

Onyo ndilo wamekataa kuliondoa. Meneja anasema likiondolewa, nidhamu ya idara nzima itaporomoka. Siku zangu 60 zinaisha tarehe 8 Mei, leo ni tarehe 21 Aprili, na fomu ya CMA ninayo mezani, nimejaza jina na anwani. Mahali pa kuandika chanzo cha mgogoro bado ni patupu. Mnyalukolo, ukipata nafasi nijulishe: nikiandika "dhamiri" hapo, wataipokea, au niandike "agizo lisilo la busara" tu?

Mnyalukolo wa Sheria

Andika agizo lisilo la busara na makato yasiyo halali, hayo yatakubeba. Dhamiri iweke katika maelezo yaliyoambatishwa, aya ya kwanza, kwa maneno yale yale ya daftari la ndama. Usipunguze kitu. Na hiyo "mwaka wa fedha utakaporuhusu" usiikubali. Omba tarehe kwa maandishi.